Jicho Lililobaki

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Alipoanza kazi karakana alikuwa hashiki chuma bila miwani yake nyeusi, na mimi nilimpenda kwa uangalifu ule. Wenzake wakambandika jina, Bi Mkubwa. "Bi Mkubwa, mkoba umeuacha wapi?" Alinisimulia huku anacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha mdomoni tu.

Kidogo kidogo miwani ikawa inasahaulika nyumbani. Nikimpelekea, ananuna. Jioni anarudi macho mekundu, namwekea vipande vya viazi vibichi kwenye kope, naye amelala chali ananielimisha kwamba jicho la fundi hukomaa, kwamba miwani ni ya wanaojifunza. Nani alimwambia? Hao hao. Mwaka haujaisha, akawa anayasema kana kwamba yametoka kichwani mwake, na ukimbishia anakuona adui.

Basi kipande cha chuma kikaruka, jicho la kushoto likatoboka. Daktari hakutuficha: akiumia na hili lililobaki, atakuwa wa kushikwa mkono mpaka chooni.

Unadhani wenzake waliona haya? Walikuja hospitali na matunda, wakamsifu kuwa sasa ni fundi aliyeiva. Mgonjwa akavimba kichwa pale pale kitandani. Nilitamani kuwatimua na matunda yao.

Siku ya kurudi kazini, miwani akaiacha mezani makusudi. Nikajifunga kibwebwe nikamfuata nayo. Nilimkuta ameliinamia geti, jicho moja limezikodolea cheche. Kando yake alikuwepo fundi mgeni, mtu mzima aliyekuwa mlinzi zamani, ndiyo kwanza anaanza kazi pale. Yeye alikuwa amevaa miwani.

"Baba watoto, vaa hii," nikasema. "Mimi sina nguvu za kukuongoza njia."

Mashine zikazimwa. Wenzake wote wakamtazama mume wangu, si mimi.

"Mke wangu, nenda nyumbani," akasema polepole. "Unaniaibisha mbele za watu."

"Kati ya hawa watu, nani atakayekushika mkono?"

"Nimeshasema, nenda."

Akaichukua miwani, akauvisha mtungi wa gesi, kisha akaupigia saluti. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilimchukia, na niliwachukia wao zaidi, maana mwanamume niliyeolewa naye asingefanya mchezo ule.

Nikamgeukia yule mgeni. Nilitaka walau mmoja mle ndani asicheke, na kweli, hakucheka mara moja. Aliwatazama mmoja mmoja, akaona na wao wanavyomtazama. Akavua miwani yake, akaitia mfukoni.

Halafu akacheka kuwashinda wote.