Mtungi Wenye Jicho

Wananchi watukufu, wazee kwa vijana, akina mama na wageni waalikwa: inatangazwa rasmi kwamba maji yamefika sokoni kwetu. Yamefika kwa wingi, yanabubujika mchana na usiku, hayajakatika hata mara moja, na kila mwenye kiu anakaribishwa kuyatazama bila malipo.

Kuyatazama tu. Yalikuwa maji ya rangi ya mafuta, ubavuni mwa tanki la saruji, na aliyeyachora ni shangazi yangu Kalekye.

Soko letu liko juu ya Matiliku, mahali ambapo pikipiki hushusha mtu na kugeuza haraka kabla hajaomba kupelekwa mbele zaidi. Tanki lilijengwa na mradi wa maji wa wafadhili. Lilikuwa kubwa, jeupe, na mfereji mpya wa shaba ulikazwa ukutani mwake kama kifungo kwenye koti lisilo na mtu ndani. Bomba la kuingiza maji halikuwepo. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee Nthiwa, alisema hilo ni jambo la awamu ya pili.

Kalekye alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara. Humo alichora kuku wa hoteli, mkasi wa kinyozi, na meno meupe ya mtu anayeng'oa meno bila cheti. Lakini kazi iliyomlisha hasa ilikuwa mitungi. Mitungi yetu yote ni ya plastiki, yote ya manjano, na kisimani mitungi ya manjano hupotea kama mbuzi wasio na alama. Kwa hiyo kila nyumba ilimwomba Kalekye alama yake. Muthoki wa mandazi alichorewa baiskeli, kwa sababu ndiyo kitu alichokitaka maishani na hakukipata. Othman wa duka la nguo alitaka cherehani. Mke wa pasta alitaka taa. Mtungi wa Kalekye mwenyewe ulikuwa na jicho moja, wazi, lisilo na kope.

Alama hizo hazikuwa mapambo. Kwetu, mtungi ukiwa kwenye foleni ni mtu. Mwenyewe huenda shambani, kanisani, hata hospitalini kujifungua, na mtungi hubaki ukimshikia nafasi. Ukiusogeza umemsukuma mwenyewe kifuani. Jirani yetu Mbithe alipofukiwa na mchanga ndani ya kisima cha mtoni, mtungi wake ulibaki kwenye foleni juu ya kisima. Tulimzika, tukarudi kuchota, na zamu yake ilipofika ukajazwa na kupelekwa kwa watoto wake. Hakuna aliyeuruka.

Ndani ya kibanda, upande usioonekana barabarani, Kalekye alichora mambo yake mwenyewe. Karatasi ni kitu cha watu wenye kabati, kwa hiyo alichora juu ya mabati yenyewe. Alisugua kutu kwa waya, akapaka chokaa, akasaga makaa na kuyachanganya na mafuta ya taa. Brashi alizitengeneza kwa vijiti vya mswaki alivyovitafuna ncha. Alichora mto ulivyo tangu malori yaanze kuchukua mchanga: kisima kinachimbwa chini zaidi kila kiangazi, na wanawake wanasimama ndani yake wamepangana, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana kopo. Picha ilianza mlangoni ikazunguka kuta zote. Kwenye bati la nyuma alikuwapo Mbithe, chini kabisa. Uso haukuonekana. Ilionekana mikono miwili tu, imeinua kopo, ikingoja wa juu apokee.

Picha hizo hakuna aliyezinunua, wala yeye hakuziuza. Aliongeza kidogo kila jioni, kama mtu anayesali.

Mwenyekiti alikuja akasimama mlangoni, hakuingia. Akamwambia Kalekye kwamba barabara itapanuliwa na vibanda vyote vya kando vitatolewa. Kisha akaeleza kwamba tanki linahitaji mchoro kabla ya mgeni wa wafadhili kufika.

"Unataka nichore nini, mzee?"

"Maji. Maji ikitoka kwa mfereji, mingi. Na hawa akina mama wakicheka."

"Na kibanda?"

"Mtu wa maendeleo hawezi kutolewa. Nani atamtoa?" Akatazama mabati, hakuona picha, akaona mabati. "Hizi ziko nzuri bado."

Basi huo ndio ulikuwa mkataba. Kalekye akachora bila malipo, ili kuta zake zibaki zimesimama.

Shida yake ilikuwa moja, nayo ilijulikana soko zima: hakuweza kuchora kitu ambacho hakukiona. Aliwahi kukataa kumchorea mwenye hoteli simba, akamchorea paka mkubwa. Wanawake wa kwenye tanki walimtoka vizuri siku ile ile, maana aliwafahamu hadi visigino. Kucheka kwao ndiko kulikomsumbua. Alimwomba Muthoki acheke na kushikilia cheko, Muthoki akashikilia mpaka akaanza kulia, ikabidi apumzishwe. Lakini maji yenyewe yalimshinda kabisa. Yalitoka kama kamba ya katani. Akafuta. Yakatoka kama mkia wa ng'ombe. Watu walipita wakimuuliza ng'ombe mwenyewe yuko wapi.

Maisha yake yote alikuwa ameona maji ya kopo, ya kisima, ya mvua inayopita haraka. Maji yanayotoka kwenye mfereji kwa nguvu, bila mtu kuyabembeleza, hakuwahi kuyakuta.

Akaomba nafasi kwenye lori la mchanga, akaketi juu ya mto wetu wenyewe, akashuka barabara kuu mpaka Kiboko. Huko, karibu na mashamba ya utafiti, kuna mabomba ya kumwagilia. Alisimama nje ya uzio tangu asubuhi hadi mlinzi akamuuliza anatafuta nani. Alirudi na pakiti ya unga iliyojaa michoro ya makaa, na macho mekundu. Alinieleza kwamba maji hayana rangi. Kinachoonekana ni vitu vinavyovunjika ndani yake. Ukitaka kuyachora, chora mkono uliovunjika, chora ukingo wa ndoo uliovunjika, na maji yatajileta yenyewe.

Yakajileta. Ninaapa kwa heshima ya shule yangu, ambayo wakati huo ilikuwa imeniomba nikae nyumbani kwa muda kwa sababu kengele ya chakula ililia katikati ya mtihani wa hesabu na mabweni yote yakatii. Yalianzia kwenye mfereji wa shaba wa kweli, yakashuka ukutani yakiwa yamejikunja, yakarusha matone kwenye kanga za wanawake. Mbwa wa Othman alikuja akalamba saruji.

Asubuhi iliyofuata likatokea jambo ambalo wanahistoria hawajakubaliana juu yake. Mtu fulani, mwenye akili nyingi na kazi kidogo, aliweka mtungi mmoja mtupu chini ya mfereji ule. Ni mtungi wenye jicho. Upepo wa kwetu huangusha mitungi mitupu, ndiyo maana sisi huipitisha kamba mikononi mwake na kuifunga pamoja. Huu haukufungwa na kitu. Ulisimama wima peke yake, ukitazama soko.

Muthoki ndiye aliyepita kwanza. Aliona mtungi wa Kalekye, na Kalekye ndiye mtu aliyeshinda pale na mwenyekiti siku zote hizo. Hakuuliza. Alidhani awamu ya pili imekuja kimyakimya, akarudi nyumbani mbio akaleta wa kwake wenye baiskeli. Nyuma yake ukaja wenye taa, ukaja wenye cherehani, ikaja mitungi ambayo rangi ya alama zake ilikuwa bado haijakauka. Kufikia adhuhuri foleni ilipita posho mill, kinu chetu cha unga. Kesho yake ilipinda ikashuka kuelekea mtoni, na kisimani hapakuwa na mtu. Mfereji hakuna aliyeugusa, maana zamu ya kwanza ilikuwa ya mwenye jicho, na mgeni alikuwa hajaja kuufungua.

Siku ile ya kwanza, Kalekye alipofika na rangi yake ya kumalizia, alisimama kama aliyesahau njia.

"Nani ameweka hii?"

"Aki wewe Kalekye," Muthoki akamwambia. "Ulikuwa unataka kuchota peke yako?"

Aliwaambia hakuuweka. Wakamcheka kwa upole, kama mtu anavyochekwa akificha posa. Alinyoosha mkono kuuondoa, kisha akauvuta mkono nyuma kabla haujagusa mtungi. Kuuondoa kulikuwa kuwaambia wote kwamba tanki ni kavu, na mwenyekiti angejua nani kasema. Kuuacha kulikuwa kuwaambia kwamba maji yapo. Alibaki amesimama kati ya hayo mawili, jicho likimtazama. Mwishowe alichovya brashi akaendelea kupaka povu jeupe chini ya maji.

Usiku ule hakula. Aliniuliza kama ninadhani watu wangeondoka wenyewe. Nilimjibu jambo la kuchekesha, silikumbuki.

Mwenyekiti alijua kuhusu foleni na hakuivunja. Labda alifikiri mitungi ingependeza kwenye picha. Mpango wake ulikuwa utepe, hotuba, soda, kisha mgeni arudi Nairobi kabla ya joto. Mgeni alikuwa Bi Naila, mwanamke mpole mwenye kofia ya majani. Aliposhuka garini na kuona mitungi imepinda mpaka chini ya kilima, kila mmoja na mchoro wake, alifunika mdomo kwa mkono. Hakutaka hotuba. Alitaka kumwona mama wa kwanza akijaza.

"Madam, hiyo tutafanya baadaye," mwenyekiti akasema. "Maji bado inatulia."

"Mmoja tu," Bi Naila akamwambia. "Wa kwanza ni nani?"

Wakamsukuma Kalekye mbele. Mwenyekiti alimtazama. Shangazi alishika mfereji kwa mkono uliokuwa na rangi ya samawati kwenye kucha, na kwa muda mrefu hakuuzungusha. Nyuma yake, ukutani, wanawake aliowachora walikuwa wakicheka.

Akauzungusha. Ikatoka pumzi ya vumbi la saruji, na buibui mmoja, ambaye alishuka kwa uzi wake hadi kwenye shingo ya mtungi akaingia ndani.

Muthoki aliinua mtungi wake akaupiga kofi, mara moja. Mwingine akapiga. Sauti ilishuka kilimani mtungi kwa mtungi mpaka ikawa ngoma ambayo hakuna aliyeicheza. Bi Naila alimuuliza mwenyekiti jambo kwa Kiingereza, na mwenyekiti akajibu kwa Kiingereza kirefu zaidi, habari za awamu ya pili na watu wachache wanaochochea wananchi. Soda zilirudishwa kwenye gari. Mwenyekiti hakulitazama tanki hata mara moja. Alitazama jicho.

Barabara ilipanuliwa wiki hiyo hiyo, mahali pamoja tu. Vijana walikuja na nyundo mchana kweupe wakati kinyozi, aliyepakana na Kalekye ukuta kwa ukuta, akiendelea kunyoa. Kalekye aliwaomba wamwachie bati la nyuma. Kijana mmoja alimwambia, "Pole, mathee, tumetumwa zote." Wakayapakia mabati yote kwenye mkokoteni. Kwa siku kadhaa baadaye alikaa pale pale penye mraba wa udongo laini, juu ya ndoo ya rangi, na waliokuja kutaka alama za mitungi aliwaambia mkono wake unauma.

Kisha tukasikia kwamba tanki linawekewa uzio, kulilinda na wahuni. Tukaenda.

Mabati yalikuwa yanasimamishwa kulizunguka. Fundi alikuwa ameugeuza upande wenye picha nje, kwa sababu upande wa pili ulikuwa na kutu. Hakufuata mpangilio. Vichwa vya wanawake vilikuwa huku, miguu yao kule, kopo likipokelewa na kisigino. Juu ya uzio yalionekana maji ya Kalekye yakimwagika nyuma ya vichwa hivyo, yakiishia mahali bati lilipoanza.

Kalekye alimsalimu mwenyekiti. Aliomba bati moja tu, hata kama si leo.

"Hii sasa ni mali ya mradi," mwenyekiti akasema, bila ukali. "Si utakuwa unakuja kuiangalia?"

Fundi alikuwa ameukalia mtungi wenye jicho. Aliposimama kuchukua msumari, shangazi aliuokota mtungi wake, akaugeuza. Ndani kitu kikagonga. Akautikisa tena, polepole. Jiwe.

Hapa kwetu hakuna atiaye jiwe mtungini, linachafua maji. Upepo tunauzuia kwa kamba. Wanaotia jiwe ni wanafunzi wa bweni, maana huko kamba huibwa, na Kalekye alinisikia likizo iliyopita nikimsimulia hila hiyo, tukacheka wote wawili.

Aligeuka akanitazama.

"Ni mimi, Anti," nikasema. "Nilitaka tu wacheke." Kisha nikamgeukia mwenyekiti, mikono nyuma, kama mbele ya mwalimu wa zamu. Nilimwambia kwamba jina langu ni Ndinda, kwamba niliuweka mtungi peke yangu, kwamba shangazi hakujua, na kwamba kibanda kirudishwe.

Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho. Nadhani aliniamini.

"Hiyo alama kwa mtungi ni ya nani?"

"Ya shangazi."

"Nani aliichora?"

"Yeye."

"Basi," akasema. "Wewe rudi shule, usome."

Akamwonyesha fundi bati lililobaki, la nyuma, ambalo tayari lilikuwa limeegemezwa kwenye nguzo, juu chini, mikono ya Mbithe ikining'inia kuelekea ardhini na kopo lake. Fundi akatafuta mahali pa kupigilia. Nilianza upya, kwa sauti kubwa zaidi, kwamba ni mimi, ni mimi niliyeuweka, na shangazi akiwa amekumbatia mtungi kifuani, na fundi akaweka ncha ya msumari katikati ya kiganja cha Mbithe, palipokuwa na chokaa nzuri, akapiga.