Jembe Lenye Nanga

Mukantabana aliponiambia kwamba betri zimekufa, nilimtazama usoni, kisha nikatazama juu ya bati lake. Betri zote nne zilikuwa zimepangwa pale zinaota jua. Kila mtu hapa Kanoni anajua kwamba betri iliyochoka ukiianika asubuhi, alasiri itaimba.

"Zimekufa kabisa, Mama Anatory," akasema. "Hata jua halizisaidii."

"Sasa umeziweka juu za nini?"

"Mazoea tu, dada."

Mazoea! Mimi si mtu wa kuchezewa na betri. Ilikuwa Jumatano, siku ya salamu za wanamaji, na nilikuwa nimetembea na matope mpaka magotini kwa kitu kimoja tu: kusikia jina la mwanangu likisomwa. Nikageuka nikarudi nyumbani bila kuaga vizuri, na machale yameanza kunicheza.

Tulikuwa akina mama watatu. Mimi Eustadia, mama yake Anatory. Mukantabana, mama yake Mbonimpa. Na Kokubanza, mama yake Polikarpi. Baada ya vita vya Kagera wana wetu waliingia jeshini pamoja, na kwa akili za mkubwa gani sijui, watoto wa migombani wakapangiwa jeshi la maji. Maji makubwa waliyoyajua ni mto Kagera, nao waliuona kwa mbali. Wakapelekwa Dar es Salaam, nasi tukabaki tunaogopa bahari ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Kilichotuponya ni redio ya Mukantabana. Kila Jumatano na Jumamosi mtangazaji alisoma salamu za wanamaji kwa wazazi wao, na wazazi nao wakajibu. Halafu akina mama wakaanza kusalimiana wenyewe kwa wenyewe. Mama Somoe wa Mtwara, Mama Nyabweke wa Musoma, na wengine wengi. Sura zao sizijui mpaka leo, lakini nilijua nani anaumwa mgongo na nani mwanawe amechumbia. Anatory alipokwenda mafunzo baharini nikashindwa kula, Mama Somoe aliniambia redioni, nchi nzima inasikia, kwamba meli haizami ovyo na nipike nile. Nikapika, nikala.

Sasa mtu akininyima redio hiyo, atakuwa ananificha nini?

Kesho yake jembe langu halikuwepo. Naliweka nyuma ya mlango, halijawahi kulala kwingine. Mvua zilikuwa zimeanza na maharage yangu yalikuwa yanangoja udongo. Jembe lenyewe si la kupotea likasahaulika: Anatory alipokuja likizo alichoma alama kwenye mpini kwa msumari wa moto. Alisema ni nanga. Mimi nilimwambia inafanana na ndoana, akacheka mpaka akakaa chini.

Nilikwenda kwa Kokubanza kuazima la kwake.

"Nimelitoa, waitu, ndugu yangu," akasema, macho yake yako kwenye kuku. "Amelichukua Mama Mbonimpa."

"Mama Mbonimpa ana jembe lake. Anataka kulima kwa mikono mingapi?"

Akaingia ndani, akatoka na kikapu cha ndizi zilizomenywa tayari, akanitwisha kichwani kana kwamba mimi ni mgonjwa. "Nenda ukapike. Pumzika. Maharage hayakimbii."

Tangu lini Kokubanza akatoa ndizi kabla hujaomba mara mbili? Njiani nilikutana na watu, wakanisalimu kwa sauti za kanisani. Msichana mmoja aliyezoea kuniamkia akikimbia, leo alisimama, akapiga goti, akasema shikamoo polepole. Na huko ng'ambo ya bonde, msimu umefika, sikusikia jembe hata moja.

Nilipita makusudi nyuma ya shamba la Mukantabana. Udongo wake ulikuwa mgumu vilevile, majani yamesimama. Mwanamke yule hulima hata akiwa na homa. Hapo ndipo nilipopata jibu, maana huku kwetu watu huweka jembe chini wakati wa kupanda kwa sababu moja tu. Maiti ikiwa haijazikwa, hakuna anayechoma udongo, na mzazi wa marehemu akilima siku hizo, hata kwa kutojua, anakuwa amemfukia mtoto wake kabla ya watu.

Mbonimpa amekufa, nikajiambia. Mbonimpa amekufa na mama yake anaficha.

Na sababu ya kuficha niliijua. Familia yao ilitoka Rwanda kabla mimi sijaolewa. Kila wanapokuja watu wa kuuliza nani raia na nani si raia, Mukantabana hutoa picha ya Mbonimpa na kofia yake ya jeshi, nao wanaondoka. Mwenye picha akifa, picha itamkinga nani? Kwa hiyo amezima redio tusisikie, anakula kilio chake peke yake. Nilimhurumia, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko huruma. Tuliahidiana sisi watatu, mikono ikiwa juu ya redio ile, kwamba habari ya mmoja ni ya wote. Halafu Kokubanza anaambiwa, mimi nazungukwa! Na jembe langu wamelipeleka wapi?

Jumamosi nikaenda kwake, nimekata shauri. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Ndizi nyingi, za kulisha watu wengi. Nikajisemea, haya, matanga hayo.

"Karibu, Mama Anatory. Kaa hapa karibu na moto."

"Nakwenda kunywa maji," nikasema.

Badala ya kwenda kwenye mtungi, niliingia chumbani kwake. Ndiyo, niliingia, na ningeingia tena. Niliinama nikatazama chini ya kitanda. Palikuwa na majembe matatu, yameoshwa, yamelazwa sambamba juu ya majani makavu ya mgomba. La Mukantabana. La Kokubanza. Na langu, nanga ikiwa juu.

Nilitoka nalo mkononi. Mukantabana alikuwa amesimama mlangoni, vidole vyake vyeusi kwa utomvu.

"Mama Mbonimpa, umeniibia jembe."

"Nimelichukua."

"Kwa nini?"

"Ungelima."

"Ningelima, ndiyo! Shamba langu, maharage yangu! Wewe una msiba wako unauficha, mimi unanizuilia jembe kwa nini? Niambie tu kwamba Mbonimpa hayupo, tulie pamoja, yaishe!"

Alitikisa kichwa. "Mbonimpa ni mzima," akasema.

Nilitaka kumwita mwongo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilikuwa nimeshika mpini, na kidole gumba changu kilikuwa juu ya nanga, na nikaona jinsi majembe yale yalivyolala. Yeye aliweka lake mwenyewe. Kokubanza aliweka lake mwenyewe. Ni langu tu lililobidi kuibwa.

"Weka betri," nikamwambia.

"Dada, tumngoje kaka yako Rwegasira. Nilimtuma mtu kwake Kamuli, naye amekwenda Kyaka kupokea gari. Leo jioni watakuwa hapa. Alisema mwenyewe, dada yangu asiambiwe na mtu kabla sijafika."

"Gari la nini?"

Nilikwenda mwenyewe nje, nikanyoosha mkono juu ya bati, nikazichukua betri. Zilikuwa na joto. Nilizitia kwenye redio moja moja, na ya mwisho niliipachika kichwa chini, Mukantabana akaigeuza. Kokubanza alikuwa amefika, amesimama uani na kikapu chake. Redio ilikoroma, ikatulia.

Salamu zilikuwa zimeshaanza.

"...telegramu nyingine," mtangazaji alikuwa anasoma, wala si kwa ile sauti yake ya mbwembwe. "Kutoka kwa Mama Nyabweke, Musoma. Anampa pole mama mwenzake, Mama Anatory wa Kanoni, Karagwe. Anasema, tuliogopa maji, kumbe ni homa. Anasema analia naye. Na hii ni ya baharia Mbonimpa, kwa niaba ya wenzake. Anamwambia mama yake, Mukantabana, amshike Mama Anatory asianguke. Anasema yeye na Polikarpi walikuwa kando ya kitanda mpaka mwisho."

Nchi nzima ilikuwa inajua. Kutoka Mtwara mpaka Musoma, wanawake nisiowajua walikuwa wameshanililia, na mimi nilikuwa nazunguka kijijini natafuta jembe.

Nikaanza kuanguka. Mukantabana alinidaka kiunoni, tukaenda chini pamoja, utomvu wake ukinishika kwenye gauni. Alikuwa analia kwa sauti sasa, kilio alichokibana tangu habari ilipomfikia Jumatatu. Jembe lilikuwa mapajani mwangu na sikutaka mtu alichukue.

Kokubanza alisogea kwenye meza, mkono wake ukaenda kwenye kitufe.

"Usizime," nikasema.

"Waitu, usijitese."

"Usizime. Mama Somoe bado hajasomwa."

"Betri zitaisha, dada."

"Acha ziishe."

Akauondoa mkono wake, akakaa chini nasi, tukamngoja Mama Somoe.