Kisomo cha Bibi Aliye Hai

Mwaka ule jenerali alipotwaa serikali, pale Lahore, wanafunzi watano wakikaa pamoja ni mkutano, na mkutano ni kufukuzwa chuo. Kisha wakuu wa chuo wakatundika pazia kantini, wasichana huku, wavulana kule. Tulitaka kuandika barua ya kulipinga, lakini tukutane wapi? Mkusanyiko pekee uliosalimika ni wa msiba.

Basi nikamuua bibi yangu.

Nilimwendea Profesa Hashmat, mkuu wa bweni, nikalia kidogo. Akaniruhusu nifanye kisomo cha siku ya tatu cha kumwombea marehemu, pale pale bwenini. Ni mtu mwema, na wema wake ndio ulioniponza: siku ile ile alipeleka telegramu ya rambirambi kwetu kijijini, wala hakuniambia.

Siku ya tatu tukatandika shuka jeupe, tukamwaga kokwa za tende za kuhesabia dua, na barua ikawa inapita chini ya shuka, kila mmoja akitia sahihi. Hata Tufail, mpelelezi wa serikali ambaye bweni zima lilimjua, alikuja akalia kuliko mimi mfiwa. Profesa alikaa karibu yangu, kanishika bega. Zilibaki sahihi tatu mlango ulipofunguliwa. Akaingia bibi, telegramu mkononi.

Miezi miwili tu ilibaki nipate digrii yangu.

"Nani kafa hapa?" akauliza.

"Bibi yake Mubashir," Tufail akajibu huku anapenga kamasi. "Na wewe nani, mama?"

Bibi alinitazama. Akatazama shuka, karatasi imechungulia pembeni. Shule hakuiona, lakini mimi ananijua tangu tumboni.

"Mimi dada yake," akasema, na papo hapo akaangua kilio. "Uwii, dada yangu! Mzuri wa sura, fundi wa jikoni! Kamlea huyu mjukuu kwa mikono yake, na huyu mjukuu miaka miwili hajakanyaga nyumbani! Hata barua haandiki! Eti ana shughuli!"

"Lo, Mubashir!" wenzangu wakanigeukia. "Kweli huna haya, bwana!"

Profesa akaondoa mkono wake begani mwangu. Tufail akatoa kidaftari, akaandika. Baadaye nilisikia faili langu lina mstari mmoja tu: hajali wazee.

Bibi alijisifu nusu saa nzima, akala sahani mbili za wali wa msiba wake mwenyewe. Barua ikapata sahihi zake zote.

Nilimsindikiza stendi huku nikicheka. "Bibi, umeniokoa! Wewe ni mwigizaji!"

"Nani kaigiza?" Akapanda basi, akaketi, akanisemesha dirishani. "Nimekufa na hukuja kunizika. Nikifa tena, utakuja?"

Niliona aibu ambayo Profesa na wenzangu wote hawakuweza kunitia. Dereva akawasha gari.

Nikaingia, nikaketi kando yake. Sikuwa na hata mswaki.