Maiti Tuliyemzua

Mimi ndiye niliyesema Bi Rehana asiitwe tena. Wenzangu walifikiria tu. Mdomo wangu mimi haujui kusubiri. Kwa miaka thelathini alikuwa ndiye muosha maiti wa wanawake wa msikiti wetu hapa Machakos mjini, na mimi kazi hiyo alinifundisha yeye, huku akitutania kwamba muosha naye huoshwa. Lakini mumewe alipokufa alianza kuokota vitu: makopo, magunia, viatu visivyo na wenzake. Akawa anakuja msibani ananuka. Nikawaambia akina mama, "Aliye mchafu ataoshaje maiti?" Tukaacha kumwita.

Ndipo alipojifungia. Kufikia mwaka wa tisini na nane nyumba ilikuwa imejaa hadi madirishani, analala juu ya magunia, mguu una kidonda, panya wanampitia. Nilipomsihi aoge, alinitazama kwa dharau.

"Nioge nikaoshe nani?"

Ningekuwa na akili, ningeelewa papo hapo. Badala yake nikajiona mjanja. Tulikubaliana nimwambie kuna msiba kwangu. Akitoka, jirani yetu Ramadhan alete pikapu yake na vijana wazoe takataka zote. Nia yetu ilikuwa njema. Nalisema hilo hata leo, ingawa halinisaidii.

Jumanne asubuhi nilisimama mlangoni pake. "Mama, kuna maiti. Tunakuhitaji."

Nilisikia ndoo, kisha maji. Baada ya saa nzima alitoka amevaa leso safi ambayo sijui aliitoa wapi katika jaa lile, kucha amekata, kidonda amekifunga kitambaa cheupe. Alikuwa anachechemea, lakini shingo imesimama wima. Njiani akanikumbusha karafuu maiti, akanikemea kwamba natembea kama bibi harusi. Nilitahayari, na bado niliendelea kutembea.

Kwangu alivua viatu, akakunja mikono ya gauni.

"Maiti ako wapi?"

Nilimmiminia chai.

"Maryam. Nimekuuliza maiti ako wapi."

"Hakuna, mama. Tulitaka tu nyumba yako isafishwe."

Afadhali angenitukana. Alishusha mikono ya gauni, wa kulia kisha wa kushoto, akavaa viatu, akarudi kwake. Alikuta sakafu tupu inayonuka dawa. Akafunga mlango. Sisi tulipongezana, na mimi nilijipongeza kuliko wote.

Miezi miwili haikuisha kabla ya nyumba kujaa tena, na safari hii hakumfungulia mtu.

Novemba mama yangu mzazi akafariki. Yeye na Bi Rehana walikuwa marafiki tangu usichana, na mama alikuwa ameniachia wosia mmoja tu: aoshwe na Rehana, si mwingine, hata mimi mwanawe. Nilikimbia miguu mitupu. Niliugonga ule mlango kwa mikono miwili huku nikilia.

"Mama, fungua! Mamangu amekufa! Wallahi ni kweli, amekuomba wewe!"

Makopo yalisogea. Hatua zake zikaja polepole hadi nyuma ya mlango, nami nikashusha pumzi.

"Mmekuja kunitoa tena," akasema, bila hasira hata kidogo. "Enda nyumbani, Maryam. Mimi niko na kazi."

Niliapa kwa kila ninachokijua. Nikasikia hatua zake zikirudi ndani, kati ya makopo. Adhuhuri ilikuwa inakaribia, na maiti hacheleweshwi. Nilirudi, nikamwosha mama mimi mwenyewe.