Jina la Peniel Kwenye Shukrani

Peniel alikuwa bwana shamba kwa miaka kumi na sita, na watu wa vijiji vya jirani na Nduguti walimwamini kuliko redio. Ndiyo maana alipoanza shahada ya uzamili huku akiendelea na kazi, hakusita kuandika kwenye pendekezo lake la utafiti: "Hakuna utafiti uliowahi kufanyika Mkalama kuhusu uhifadhi wa vitunguu. Wakulima hawana maarifa hayo."

Msimamizi wake alimrudishia karatasi na swali moja pembeni: Umetafuta wapi?

Alikuwa ametafuta Google, dakika kumi, chai mkononi. Hilo lilikuwa halisemeki. Akapiga simu maktaba ya chuo, akapokewa na mkutubi aitwaye Agnes.

"Umeshaingia kwenye hifadhidata zetu?" Agnes aliuliza.

"Mimi niko Nduguti, dada. Hizo si za walioko chuoni?"

"Namba yako ya usajili inakufungulia hukohuko uliko. Huu mwaka wako wa pili, hujaingia hata mara moja?"

"Bado," Peniel alikiri. Agnes hakumsuta. Alimwelekeza taratibu: majarida yako huku, tasnifu za wanafunzi waliopita ziko kule. Usiandike sentensi nzima kama mtu anayeuliza njia; weka maneno mawili matatu yenye uzito, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Peniel akaandika vitunguu, hifadhi, Mkalama. Hakuna kilichopatikana. Akajaribu Kiingereza. Patupu.

Moyo ukamtulia. "Umeona, dada? Nilisema hakuna."

"Kabla ya kuwa wilaya, Mkalama ilikuwa sehemu ya wilaya gani?"

"Iramba."

"Basi andika Iramba. Aliyeandika kabla ya mgawanyo angeijuaje Mkalama?"

Akaandika. Ikatokea tasnifu moja, ya mwaka 2011, ya mtu aitwaye Fabiano. Peniel akaifungua, na ukurasa wa kwanza kuusoma ukawa wa shukrani: "Namshukuru Bwana Peniel, afisa ugani, aliyenifikisha kwa wakulima na kunivumilia kwa miezi minne."

Masikio yalimwaka moto. Akamkumbuka Fabiano, kijana mwembamba mwenye daftari, waliyezunguka naye kwa pikipiki. Akakumbuka pia kwamba Fabiano alirudi mwaka uliofuata na nakala yenye jalada la bluu. Peniel aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati, na ofisi ilipohama yeye hakuihamisha.

Sura ya nne ilikuwa na picha ya kichanja cha Mama Dorkas, mmoja wa wakulima aliowahudumia Peniel. Vitunguu vilivyokaushwa kivulini mpaka shingo zikasinyaa, vikafungwa mafungu na kutandazwa juu ya fito, vilikaa miezi minne bila kuharibika. Vilivyokatwa majani mapema na kurundikwa kwenye magunia viliozea ndani.

"Umepata?" Agnes aliuliza.

"Nimepata."

"Hongera!"

Peniel alikata simu bila hata kusema asante. Kukata majani mapema na kujaza magunia ndiyo yalikuwa mafundisho yake, mwaka hadi mwaka. Kwenye mkutano mmoja Mama Dorkas alisimama kumpinga, naye akamjibu, "Mama, hicho ni kichanja cha vyombo." Watu wakacheka. Yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Kesho yake akaenda kwa Mama Dorkas.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana shamba. Leo umekuja na karatasi?"

Akamsomea yote, pamoja na ile shukrani yenye jina lake mwenyewe Peniel. Kisha akamweleza habari ya kile kitabu cha bluu.

Mama Dorkas aliweka viganja magotini. "Yule kijana aliniahidi atanisomea alichoandika," alisema. "Nikadhani amenidanganya. Kumbe alileta." Akamtazama Peniel mpaka bwana shamba akainamisha uso. "Mimi vitunguu vyangu havikuoza, baba. Nenda kamwambie Amosi."

Amosi alikuwa mkulima aliyejaza chumba kizima magunia ya vitunguu kama Peniel alivyomfundisha. Vilipooza aliacha kilimo, akaenda Sekenke kuchimba dhahabu. Jumamosi Peniel alipanda pikipiki mpaka huko, akamkuta anaponda mawe, nyusi nyeupe kwa vumbi. Wakasalimiana vizuri. Peniel akaeleza, safari hii bila karatasi.

"Hicho kitabu umekisoma lini?" Amosi aliuliza.

"Wiki hii."

"Na kililetwa lini?"

"Elfu mbili na kumi na mbili."

Amosi akahesabu kimoyomoyo; mwaka ule vitunguu vya chumba chake vilipooza ulikuwa baada ya hapo. Aliweka nyundo chini.

"Mke wangu alitaka tufanye kama Mama Dorkas," alisema polepole. "Nikamgombeza. Nikamwambia bwana shamba amesoma."

Peniel aliona afadhali angetukanwa. Wachimbaji wengine walikuwa wameacha kazi, wanasikiliza.

"Yeye yuko nyumbani," Amosi alisema akiiokota nyundo. "Kamweleze mwenyewe. Mimi siwezi kukusemea."

Peniel akageuza pikipiki kuelekea kwa mke wa Amosi, huku hajui ataanzia wapi.