Ubatizo wa Jogoo

Nyumbani kwetu Kanyenye kuku wa sikukuu hatumchinji sisi. Anachinja Mzee Selemani, jirani wa nyuma ya ukuta, ili wageni wa dini zote wale bila kuulizana maswali. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za babu, na sijawahi kusikia mchuzi ukilalamika.

Sasa mdogo wangu Kabula alikuwa apokee Komunyo ya kwanza Jumapili. Jogoo aliletwa na mjomba kutoka Sikonge, kafungwa kwenye baiskeli pamoja na dumu la asali. Jumamosi Kabula akarudi kutoka mafundisho na uso wa hakimu.

"Kaka Xavery, eti kuku akichinjwa na Mwislamu anakuwa Mwislamu?"

"Nani kasema?"

"Godbless. Anasema kesho huyo jogoo ataikuta Komunyo tumboni kwangu, wagombane. Na tumbo lenyewe dogo."

Godbless hajui kufunga kamba za viatu, lakini habari za mbinguni anazo zote. Nikacheka, nikadhani yameishia hapo.

Kumbe. Nikamkuta Kabula uani, jogoo kwapani, kopo la maji mkononi, wote wawili wamelowa.

"Bonifasi, nakubatiza..."

"Wewe! Unafanya nini?"

"Katekista kasema mtu akiwa katika hatari ya kufa, yeyote anaweza kumbatiza. Huyu yuko hatarini."

Na kweli. Mama alikuwa keshabandika maji ya kumnyonyolea.

Mara Mzee Selemani akaingia na kisu chake, nyuma yake mjukuu wake Fiza. Huyu Fiza ndiye rafiki wa Kabula wa kufa na kuzikana. Alishatengewa kiti pembeni yake kwenye meza ya kesho, na ole wako ukikikalia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mchumba. Haya, mlete mgonjwa."

Kabula akamkumbatia jogoo. "Babu, usimchinje. Atasilimu, na mimi nimeshambatiza."

Mama akachomoka jikoni na mwiko. "Kabula! Unamwambia nani maneno hayo?"

Mzee Selemani akakifunga kisu kwenye kitambaa chake, taratibu. Fiza ndiye aliyejibu.

"Kwani mkono wa babu yangu una nini?"

"Hauna kitu."

"Mbona unaukataa? Basi kesho siji. Kiti changu mpe Godbless."

Akageuka kwenda zake. Kabula akaangua kilio. "Fiza, rudi! Babu achinje tu! Nitakula, hata wakigombana!"

Fiza akasimama mlangoni, akamtazama Bonifasi anavyochuruzika maji.

"Achinje nini sasa? Si umeshambatiza? Utamla Mkristo mwenzako?"

Kabula akamtazama jogoo. Hilo Godbless hakumfundisha. Mzee Selemani akageukia ukuta, nikaona mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Mama Xavery, huyu sasa ni muumini wenu, mimi simgusi. Nina tetea kwangu, nitawachinjia huyo."

Kabula akajifuta machozi. "Huyo tetea dini gani?"

"Hana," akasema Fiza. "Ana hasira tu. Anadonoa kila mtu."

Kabula akafikiri. "Basi sawa. Na wewe utakuja?"

"Nikipewa paja."

Jumapili wakakaa pamoja, Kabula na gauni lake jeupe, Fiza na paja lake. Godbless naye akaja, akala kipapatio na shingo bila kuuliza kachinja nani. Nikamwinamia Kabula.

"Vipi huko tumboni? Vita?"

Akatega sikio. "Kimya. Nadhani wamesalimiana."

Kesho yake asubuhi kichwa cha Fiza kikachomoza juu ya ukuta.

"Kabula! Bonifasi wako yuko kwetu! Ameoa wake wanne!"

Kabula akapanda ndoo, akachungulia, akashika kiuno.

"Mrudishe!"

"Hataki."

"Basi mwambie Jumamosi mafundisho yako palepale."