Kamanda, Njia?

Kigen alishuka kwenye pikipiki pale mtaani Kaptembwo akiwa na gunia dogo la mahindi ya shamba lake la Rongai, na neno lililokuwa limemkaa kooni miaka kumi na tatu.

Akoth, mkewe Okeyo, alimpokea mzigo. "Shem, umepotea mpaka tukadhani umeolewa huko."

Okeyo alikuwa kitini, mjukuu amemlalia kifuani. Hakungoja kuambiwa nani kaingia. "Hizo ni hatua za kamanda. Keti, afande."

Vitani Somalia, Kigen aliongoza kifaru na Okeyo akakiendesha. Mfuniko ukishafungwa dereva haoni ila kipande cha njia; basi huuliza, "Kamanda, njia?" na sauti ya kamanda ndiyo macho yake. Siku ile walikanyaga bomu lililotegwa barabarani. Mathenge, mpiga mzinga, akafa. Okeyo alitolewa hai, lakini macho yakabaki kule.

"Leo kanisani nimemwombea Mathenge," Okeyo alisema. "Kila Jumapili namwomba msamaha. Nisingeiacha njia uliyonielekeza, angekuwa mzee kama sisi."

Kigen alimtazama mtoto akihema. Akinyamaza na leo, rafiki yake atazikwa na hatia isiyo yake.

"Hukuiacha njia. Redio iliniambia mimi peke yangu: rudini, barabara ina mabomu. Nilitaka tufike wa kwanza. Nikakwambia mbele."

Akoth aliacha kumimina chai. Okeyo alimkabidhi mtoto taratibu, asije akamwamsha.

"Mama yake Mathenge nilimpigia magoti, Kigen. Nikamwambia ni mimi."

"Najua."

"Ulijua, ukakaa Rongai ukipalilia mahindi."

Okeyo akainuka.

"Yule mama yuko Salgaa, bado anapikia madereva wa malori. Twende. Utamwambia kwa mdomo wako."

"Twende."

Akoth alimnyooshea Okeyo fimbo yake, naye akaisukuma kando. Alisimama mlangoni, mikono imening'inia, uso ameuelekeza kwenye mwanga asiouona.

"Kamanda, njia?"

Kigen akaja nyuma yake. "Mbele hatua mbili. Ngazi moja, shuka."

"Na usinifiche kitu."

"Kulia kuna mtaro wa maji machafu. Mbele yako kuna jiwe. Halafu kuna kuku na vifaranga wake. Simama kwanza, wapite."

Okeyo akasimama, akawangoja wapite.